Nilikuwa Ulimi wa Bosi Wangu

Mlango wa chumba cha baridi ulijifunga nyuma yangu... puu!

Kwanza nilidhani umejirudi wenyewe. Nikausukuma kwa bega. Wapi!

"Jamani! Niko ndani!"

Nikaupiga kwa viganja mpaka vikawaka moto.

"Fungueni! Kuna mtu huku!"

Ndipo nikasikia sauti nje. Mpira wa mlango ule ulikuwa umechanika chini, kwa hiyo ukiinama unasikia kila kitu. Ilikuwa sauti ya shoga yangu wa kufa na kuzikana, Mama Keki.

"Shefu, yule mtu wako simwoni. Nadhani katoroka. Si unajua tena, kazi imemshinda siku nyingi."

Na mimi niko hatua moja tu kutoka alipo, nyuma ya bati, kati ya nyama zilizoning'inia na makreti ya maziwa, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna!

Sasa nyie mnaosoma hapa mkiwa kazini, mmejifungia chooni mnajifanya tumbo linauma, sogeeni. Hii inawahusu.

Mimi ni mpishi. Hoteli kubwa, jiko kubwa, na mpishi mkuu mwenye mdomo mkubwa kuliko vyote viwili. Mbele yake tulimwita Shefu. Nyuma yake tulimwita Jenerali.

Jenerali hakuwa anaongea, alikuwa anafoka. Kitunguu kikikatwa kinene, anafoka. Kikikatwa chembamba, anafoka. Ukimwamkia anataka kujua kwa nini una muda wa kuamkia watu.

Basi jiko letu likawa na mahali pa kulilia. Ni kile chumba cha baridi. Ukizidiwa unaingia, unalia yako, unapumua, unatoka na pua nyekundu unasingizia baridi.

Tatizo ni moja. Swichi ya kufungulia kwa ndani iliharibika zamani, na fundi tulimwita mpaka tukachoka kumwita. Kwa hiyo tukajitungia utaratibu: ukiingia, unavua kiatu chako kimoja cha mpira unakibana mlangoni. Mlango haujifungi, na wenzako wakikiona wanajua kuna mtu ndani anapumua, wanampita kimya.

Hata Jenerali, pamoja na ubaya wake wote, hakuwahi kugusa kiatu cha mtu.

Siku ile kiatu changu kiliondolewa.

Sasa swali... kwa nini?

Kwa sababu Jenerali alikuwa na siri, na hiyo siri ilikuwa mimi.

Siku moja nilimkuta stoo anakunywa maziwa. Yale maziwa yalikuwa yamechacha, harufu yake ilinipokea tangu mlangoni. Yeye akamaliza bilauri, akafuta mdomo, akaendelea na shughuli zake!

"Shefu, hayo maziwa yameharibika."

Akaufunga mlango wa stoo. Halafu kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaongea polepole.

"Sisikii ladha. Si chumvi, si sukari, si kitu. Mwaka wa ngapi sasa... Ukisema nimekwisha. Nina watoto."

Nikamwonea huruma. Mjinga mimi!

Tangu hapo nikawa ulimi wake. Kila sufuria nilikuwa naonja kabla yake, halafu nagonga kijiko kwenye ukingo. Ngo! Mara moja, ongeza chumvi. Ngo-ngo! Mara mbili, tosha. Yeye anasimama mbele ya sufuria kwa madaha, kidole kidevuni, kama anayefikiri. Kumbe anasikiliza.

Mnadhani aliniheshimu? Thubutu! Kadiri alivyonihitaji ndivyo alivyonitukana. Aliogopa watu wasije wakahisi kitu.

"Wewe wa kijiko! Umezaliwa jikoni au umeokotwa sokoni?"

Nameza. Nagonga kijiko. Naendelea.

Nilikuwa navumilia kwa sababu moja. Tajiri, mwenye hoteli, alikuwa anafungua hoteli ya pili. Jenerali angehamia kule, na huku jikoni atabaki mtu. Jenerali aliniahidi kwa kinywa chake.

"Mimi nikipanda, jiko hili lako."

Jiko hili lako! Nililala na hayo maneno, nikaamka nayo. Nilijiona navaa ile kofia ndefu. Nilijiona napika bila mtu kunifokea mgongoni.

Ila mwili ulianza kuchoka. Usingizi ukapotea. Nikisikia tu buti zake nasahau nilichokuwa nakata.

Nyumbani ndiko hawakunitambua. Naishi na mume wangu na mama mkwe, na kwa miaka mimi na mama mkwe tuligombana juu ya kitu kimoja tu, chai. Yeye anatia sukari kama anazika mtu ndani yake. Mimi kila asubuhi lazima nilalamike, naye lazima anijibu. Ndiyo ilikuwa salamu yetu.

Siku moja akaniangalia sana.

"Mke wa mwanangu, siku hizi husemi kitu juu ya chai yangu."

"Nimeizoea, mama."

"Hm. Umeizoea..." Akachukua kikombe akaondoka nacho.

Jikoni nilikuwa na Mama Keki. Yeye alikuwa upande wa keki na mikate. Tuliingia naye chumba cha baridi, viatu viwili mlangoni, tukalia pamoja. Na mtu ukilia na mwenzako unamwambia yote. Nikamwambia kuhusu maziwa. Nikamwambia kuhusu kijiko. Nikamwambia kuhusu ahadi.

Akanikumbatia. "Pole shoga yangu. Siri yako iko kaburini."

Kumbe kaburi lenyewe lilikuwa langu!

Sasa turudi nyuma ya ule mlango. Siku hiyo Tajiri alikuwa amekuja kuonyeshwa nani atashika jiko. Nilikuwa nimeingia kupumua kidogo tu, nijipange. Nikiwa nimeinama pale chini nikasikia viatu vyake vya ngozi vinapita.

"Kwa hiyo yule mama uliyeniambia yuko wapi?" Hiyo ni sauti ya Tajiri.

"Ametoroka kazini, bosi. Leo, siku kama ya leo!" Hiyo ni ya Jenerali.

"Basi nani mwingine?"

"Huyu hapa. Mama Keki. Mkono wake mwepesi."

Halafu Tajiri akasogea mbele, na nikasikia Jenerali ananong'ona peke yake kwa wasiwasi.

"Sasa nani atanionjea?"

"Shefu," Mama Keki akamjibu, "ulimi ni ulimi. Hata mimi ninao."

Na yule mwanamume akacheka!

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Meno yakawa yanagongana yenyewe. Nililia, na machozi yakawa yanapoa kabla ya kufika kidevuni.

Aliyenifungulia ni Mzee wa Vyombo, yule anayeosha sahani, alipokuja kutafuta limau. Alipoiona hali yangu limau likamtoka kichwani.

"Mwanangu! Mbona mlangoni hapakuwa na kiatu?"

"Kilikuwepo, mzee."

Akaniangalia. Nikamwangalia. Akavua sweta lake akanivika.

Nikaenda kwa Jenerali nikiwa bado natetemeka.

"Shefu, nilifungiwa ndani!"

"Nani akufungie? Unajipa umuhimu."

"Muulize huyo hapo!"

Mama Keki akashika kifua. "Mimi? Shoga yangu, baridi imekupanda kichwani. Kapumzike."

"Kuanzia kesho uko sinki," akasema Jenerali. "Utamsaidia mzee kuosha. Na ukifungua huo mdomo wako, nani atakuamini? Mtoro?"

Jamani... nililia siku hiyo? Sikulia! Machozi yalikatika palepale. Kilichoingia badala yake ni kitu kingine, kigumu. Nilichukua brashi nikaanza kusugua masufuria. Kila sufuria ilikuwa sura ya mtu.

Mzee wa Vyombo alikuwa ananitazama tu. Siku moja akaniletea kitu ndani ya mfuko.

"Nimekikuta kwenye pipa la unga la Mama Keki nilipokwenda kuliosha."

Nikafungua. Kiatu changu! Kimejaa unga mpaka kwenye kidole gumba.

"Mzee, twende kwa Tajiri sasa hivi."

"Ukienda leo utaonekana mbeya. Subiri. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, lakini kwanza nyama ifike mezani."

Basi nikasubiri.

Tajiri alitangaza kwamba atakuja kula chakula cha mchana jikoni kwetu, mbele ya wote. Jenerali apike akiwa anaangaliwa, na siku hiyohiyo yeye Tajiri atangaze nani anapanda na nani anabaki.

Siku ikafika. Jiko liling'aa. Jenerali alivaa koti jipya, kofia imesimama wima. Mama Keki amejikwatua, kijiko kipya mkononi, anasimama upande wa pili wa sufuria pale nilipokuwa nasimama mimi.

Na mimi? Niko nyuma yao, sinki, povu mpaka kwenye viwiko.

Jenerali akaanza mchuzi wa nyama huku anamhutubia Tajiri. Mkono mmoja unakoroga, mwingine unacheza hewani.

"Siri ya mchuzi, bosi, ni ulimi wa mpishi. Ulimi ukilala, chakula kimelala."

Tajiri akatikisa kichwa kwa heshima. Mama Keki akaonja, akagonga.

Ngo!

Jenerali akatia chumvi.

Akaonja tena. Ngo-ngo! Tosha. Jenerali akaacha.

Mimi nikachukua kijiko kutoka kwenye povu. Nikakifuta taratibu kwenye aproni. Nikaangalia sinia la chuma lililokuwa mbele yangu.

Ngo!

Jenerali akasita kidogo. Lakini yeye alikuwa amezoea kusikia, si kutazama. Akashika chumvi, akatia.

Mama Keki akashtuka. Haraka haraka... ngo-ngo!

Nikangoja Jenerali atue mkono.

Ngo!

Akatia tena! Safari hii kiganja kizima.

Ngo-ngo! Ngo-ngo! Mama Keki anagonga kama mtu anayebisha hodi nyumba inaungua. Macho yanazunguka jiko zima, yananitafuta. Yakanipata.

Nikatabasamu. Ngo!

Alitaka kusema, jamani! Mdomo ulifunguka ukafunga, ukafunguka ukafunga. Angesema nini? "Shefu usitie, anayegonga si mimi"? Mbele ya Tajiri? Jasho lilimtoka mpaka wanja ukashuka mashavuni.

Mzee wa Vyombo kando yangu alikuwa anaosha sahani moja tangu mwanzo. Mabega yanamcheza.

Mchuzi ukapakuliwa. Tajiri akakaa, akafunua leso, akatia kijiko mdomoni.

Macho yakamtoka. Akameza kwa shida, akanywa maji, akanywa mengine.

"Shefu... hiki umekionja?"

"Bosi! Kila hatua."

"Hebu onja tena."

Jenerali akachota upawa mzima. Akatia kinywani. Akazungusha, akafumba macho kwa raha, akameza.

"Safi kabisa," akasema. "Labda... chumvi kidogo tu ingeongezwa."

Sahani ikamponyoka Mzee wa Vyombo, ikavunjika. Hakuna aliyegeuka kuitazama.

Tajiri hakufoka. Aliuliza kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya zaidi.

"Shefu, tangu lini husikii ladha?"

Koti jipya likaonekana kumzidi ghafla. Jenerali akavua kofia, akaiweka mezani, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kumtazama mtu.

Nilisikia raha? Niliisikia hadi kwenye kucha! Nilitaka arudi atoke tena.

Tajiri akageuka, akaangalia jiko zima. "Nani alikuwa anamwonjea?"

Wapishi wote wakageukia sinki. Kumbe walikuwa wanajua! Siku zote hizo walikuwa wanajua, wamekaa kimya.

"Wewe? Njoo. Onja, uniambie kama mchuzi huu unaokoleka. Ukiniokolea chakula hiki, jiko ni lako leo."

Jiko ni lako!

Nikafuta mikono. Nikatembea mpaka kwenye sufuria. Kila mtu ananitazama. Nikachota kijiko, nikatia mdomoni...

Hakuna kitu.

Nikachota kingine, kilichojaa. Nikakizungusha ulimini. Kilikuwa cha moto, hilo tu. Moto na uzito. Chumvi iliyomtoa Tajiri macho, mimi siisikii!

Nikakumbuka sinki, siku zote zile sikuonja kitu. Nikakumbuka nyumbani nakula tu ili nilale. Nikakumbuka chai. "Nimeizoea, mama." Sikuwa nimeizoea! Kumbe hata kijiko, siku za mwisho nilikuwa nakigonga kwa mazoea ya mkono tu.

"Vipi?" akauliza Tajiri. "Kinaokoleka?"

Mama Keki alikuwa ananiangalia usoni. Yeye alishazoea kusimama karibu na ulimi uliokufa, akautambua. Akajisogeza kando yangu kama anayepanga vijiko.

"Husikii, eh?" akanong'ona. "Tulia shoga yangu. Sema viazi viongezwe, maji yaongezwe. Wewe vaa kofia, mimi nitakugongea. Hakuna atakayejua."

Jamani wasomaji, niambieni ukweli wenu. Kofia iko pale mezani. Mkono nikiunyoosha naifikia. Na shetani yuko begani amevaa aproni!

Nilinyoosha mkono.

Lakini sikuushusha kwenye kofia. Niliuingiza kwenye mfuko wa aproni, nikatoa kile kiatu nilichotembea nacho tangu asubuhi, nikakiweka mezani mbele ya Tajiri. Unga ukamwagika kwenye kitambaa cheupe.

Jiko zima likageuka kukitazama. Pale kila mtu anajua kiatu mlangoni maana yake nini.

"Bosi, hiki kiatu nilikibana mlango wa chumba cha baridi siku ile mlipoambiwa nimetoroka. Kilitolewa, nikafungiwa ndani. Kimepatikana kwenye pipa la unga la huyu hapa."

"Mwongo!" Mama Keki akapaza sauti. "Anatafuta cheo huyo!"

"Mimi ndiye niliyekitoa kwenye unga," akasema Mzee wa Vyombo. "Na mimi ndiye niliyemtoa yeye kwenye baridi."

Halafu mpishi wa mboga akasema alimwona Mama Keki ameinama pale mlangoni. Halafu mwingine. Midomo iliyokuwa imefungwa ikafunguka yote pamoja.

"Na cheo sikitaki leo," nikaendelea. "Sisikii ladha, bosi. Hata mimi. Nimeonja hapa sasa hivi, sijasikia kitu."

Tajiri akakichukua kiatu, akakikung'uta unga. Akamwambia Mama Keki akusanye vitu vyake. Mimi akaniambia nenda hospitali, jiko litakusubiri.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Jenerali alikuwa amekaa juu ya kreti tupu, koti limefunguliwa vifungo. Nilikuwa na maneno yangu nimeyaandaa siku nyingi, makali yote.

Akanitangulia.

"Nimesikia uliyosema. Ulimi wangu nao ulianza hivyohivyo. Shefu aliyenifundisha kazi alikuwa ananifokea asubuhi mpaka jioni. Siku moja nikanywa chai, nikaona ni maji ya moto tu. Nikanyamaza."

"Na ulipopata cheo ukaja kutufokea sisi."

Akaanza kufunga vifungo vya koti, kimoja kimoja. Nilitaka kumwonea huruma, sikuweza. Lakini na yale maneno yangu makali nayo sikuyasema. Yaliishia mdomoni, na hayakuwa na ladha yoyote.

Hospitali daktari alinipima kila mahali.

"Sioni ugonjwa mwingine," akasema. "Una msongo wa mawazo wa muda mrefu. Mwili wako umegoma. Pumzika, lala, ongea na watu, uje tena."

Nikakaa nyumbani. Nikalala mchana kama mtoto. Nikawa naenda kwa mshauri hospitalini, namwaga yote, bila kumficha mtu, bila kubana kiatu mlangoni. Kila asubuhi mama mkwe analeta chai, nakunywa, nasema asante mama.

Mpaka asubuhi moja nikanywa funda, nikasimamisha kikombe hewani.

"Mama! Leo chai haina sukari!"

Mama mkwe aliacha alichokuwa anafanya. Akaweka mkono mdomoni. Nikadhani nimemuudhi.

"Haijawahi kuwa na sukari," akasema, machozi yanamlenga. "Tangu siku uliyoniambia umeizoea, sijatia hata punje. Kila siku nakuletea hivihivi, nangoja utakapogombana na mimi."

Nililia pale mezani kama sina akili. Chozi likaingia mdomoni... lina chumvi!

Jikoni nimerudi, na kofia nimevaa. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuleta fundi wa ile swichi, nikasimama naye mpaka ikawaka. Cha pili, kila sufuria inaonjwa na zaidi ya mtu mmoja, na tunasema kwa mdomo, hakuna kugongeana vijiko.

Kuhusu kisasi changu, sijutii. Ila mjue kwamba nilikipika mwenyewe, kikaiva, nikakila mbele za watu, na ulimi wangu haukujua ni kitamu au kichungu.

Na wewe uliyejificha hapo chooni unasoma, sikiliza. Siku ukigundua umeacha kulalamika kazini, usijisifu kwamba umezoea. Rudi nyumbani, omba chai, halafu sema ukweli kama ina sukari.